Kinywa cha Kamio

Kuna watu hapa Kasongo wakiniona napita wanajifanya wanakohoa. Wacha wakohoe. Mimi ndiye yule shofere anayesemwa kwamba aliuza mafuta ya moteri ya kamio jipya la watu, akajazia maji. Na kwa kuwa sikusimama barazani kujitetea, wakasema lisemwalo lipo. Haya, sasa nasema. Yule niliyekuwa namfichia ameshatangulia mbele ya haki, na jina lake silitaji hata hapa.

Kamio lenyewe, lori la mizigo, lilikuwa jipya. Si jipya la kwetu, lile la kupakwa rangi likaitwa jipya. Jipya la kweli, viti bado vimevaa nailoni. Patroni wangu, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka chumvi, sabuni na mabati kwa wachimba dhahabu wa Salamabila, alilinunua katika nyumba moja ya kuuza magari huko mjini, mbali, kwenye lami. Pamoja na kamio walimpa garantii: moteri ikiharibika yenyewe kabla ya mwaka kwisha, wao ndio wataitengeneza. Ila mtu mwingine asiiguse. Kila parafujo kubwa ya moteri walikuwa wameitia tone la rangi nyekundu. Ukiifungua rangi inapasuka, na garantii inakufa hapo hapo.

Patroni alinikabidhi ufunguo mbele ya watu. Akasema, "Hii kamio njo moyo yangu. Naiweka mu mikono yako kwa sababu uko na jina."

Na nilikuwa nalo, wallahi. Katika barabara ya Kabambare hakuna anayemuuliza shofere karatasi ya shule. Wanauliza: huyu ameangusha gari wapi? Huyu mafuta ya bwana wake anayapeleka wapi? Mimi nilikuwa sijaangusha na sijapeleka. Wanangu walikuwa wakitumwa dukani wanapewa kitu kwa kutaja jina langu tu. Hiyo ndiyo mali niliyokuwa nayo, sina nyingine ya kukuonyesha.

Sasa nikueleze juu ya mama wa mke wangu. Alikuwa wa familia za mjini za zamani, Waislamu wa tangu mababu, mwanamke mwembamba mwenye mikono ya chuma, maana maisha yake yote aliuza mawese na kufungua vifuniko vya mabidoni, madumu yake ya mafuta. Kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Simtazami machoni, sili mbele yake, nikikutana naye njiani nashuka pembeni. Akitaka kuniambia neno anamwambia binti yake, nami nimekaa palepale nasikia: "Mwambie bwana yako shati yake imepasuka mugongoni." Nami namjibu mke wangu: "Mwambie mama asante." Ndivyo tulivyoishi, tukapendana sana bila kusemezana.

Kaka wa mama huyo alikuwa mwalimu wa Kurani, na ndiye aliyekuwa akiandika kombe. Asiyejua ajue: maneno ya Mungu yanaandikwa kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, yanaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa anakunywa yale maji ya manjano. Nyumba ile haikusafirisha mtu bila kombe.

Kamio lilipofika kwenye uwanja wa nyumba yangu, mama alikuja kuliona. Nikageuza ufunguo ili aone taa. Kwenye tablo, mbele ya usukani, ikawaka taa ndogo nyekundu yenye mfano wa birika, ile ya presha ya mafuta. Akacheka mpaka akashika mlango. Akamwambia mke wangu, "Aka! Hii gari ni ya Kiislamu, iko na birika ya kutawazia!" Nikamwambia mke wangu amweleze kwamba hiyo ni alama ya mafuta: moteri ikiwaka taa inazimika, na taa ikiwaka njiani ujue kamio lina ugonjwa. Mama akatingisha kichwa, akalizunguka kamio lote taratibu, akilikagua kama mkamwana mpya.

Asubuhi ya safari nilifungua uso wa mbele wa kamio kama kawaida yangu, nikavuta kijiti cha kupimia mafuta, nikaona yamejaa. Nikauacha uso wazi, nikaenda kuswali. Nilipotoka nilimwona mama anatoka uani, ameshika kikombe amekifunika na upindo wa kitenge. Nikashuka pembeni, nikainamisha kichwa, akapita. Nilidhani amekuja kwa binti yake.

Tulikwenda vizuri. Ilikuwa kiangazi, barabara kavu, abiria juu ya mizigo wanaimba na kugombana. Mbele kidogo ya njia ya kuingilia Wamaza, baada ya mlima mrefu, moteri imepata moto, nikapunguza mwendo ili nivuke daraja la magogo. Birika likawaka.

Nikazima moteri papo hapo. Si baada ya daraja wala kijiji cha mbele. Papo hapo, katikati ya njia, jua linatuchoma. Abiria wakaanza kelele. Nikavuta kijiti: mafuta yamefika kwenye alama. Nikalala chini kwenye vumbi: hakuna tone, karteri, bakuli la chini la mafuta, nzima, haikugongwa na jiwe. Nikaangalia maji ya kupoza moteri: yamejaa. Nikawasha kidogo nisikilize. Moteri haikuwa na mlio wa chuma, ila taa ilikataa kuzimika. Basi ama taa inasema uongo, ama mafuta yapo lakini hayasukumwi kupanda. Kujua lipi ni lipi kunataka kufungua, na kufungua nilikatazwa.

Mama mmoja mwuza samaki akasema, "Shofere, tia mawese! Mafuta ni mafuta!" Watu wakapiga makofi. Nikamwambia, "Mama, tia mawese kwa mboga yako ya sombe. Hapa hapana." Mwingine, aliyekuwa na haraka ya kufika mgodini, akasema magari yote yanawasha taa, nisiwe mwoga kama mwanamke wa uzazi wa kwanza. Nikamjibu ashuke atembee, na akashuka akatembea, akinitukana mpaka alipopotea kwenye kona. Nililinda moteri ile kuliko macho yangu. Hilo ndilo linalonichoma hata leo.

Nilipanda kilima penye rezo ya simu, nikampigia patroni. Patroni akaipigia nyumba ya magari. Wakasema watamtuma mtu. Tukakaa hapo tukingoja, abiria wakatawanyika kwa pikipiki na kwa miguu, nami nikalinda mzigo nikila mihogo ya watu wa kando ya njia.

Teknisieni, fundi wa nyumba ya magari, alifika kwa pikipiki, amebebwa, mavumbi mpaka kwenye kope. Patroni akaja nyuma yake na wazee wawili wa familia yake. Sitamsema vibaya yule teknisieni katika kazi yake, kwa kuwa kazi aliijua. Alipima mafuta, akaangalia chini, akauliza niliona nini na nilifanya nini, akaniambia, "Ulizima vizuri." Akatoa kile kichwa kidogo kinachoitumia taa habari, akafunga mahali pake manometri, saa yake ya kupimia presha. Tukawasha. Moteri ikiwa baridi, mshale ukapanda vizuri. Tukaiacha ipate moto. Mshale ukaanza kushuka, ukashuka, ukalala karibu na sifuri. Kumbe taa haikusema uongo.

Akatoa filtri, chujio la mafuta, akaikata kwa msumeno, akaikunjua juani kama mtu anayetafuta chawa kwenye nguo. Hakuna vumbi la chuma. "Moteri haijajila," akasema. "Ni pompe. Klapeti yake, kile kilango kidogo, inabaki wazi ikipata moto, mafuta yanarudi chini badala ya kupanda. Pompe imetoka kiwandani hivyo." Patroni akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi. Mimi nilikaa juu ya jiwe kwa furaha. Kiwandani! Jina langu salama, kamio salama.

Halafu akafungua kifuniko cha kutilia mafuta, basi tu ili amalize kazi yake. Chini ya kifuniko palikuwa na utando mweupe mzito, kama mafuta ya kupaka yaliyogandana.

"Maji," akasema.

Akachungulia maji ya kupoza. Yalikuwa yamejaa, hayakupungua hata kidogo. Basi maji yale hayakutoka ndani ya moteri. Yalitiwa kwa mkono, kwa juu. Akayakadiria, akaniambia mimi kwa sauti ndogo, "Ni kidogo sana. Kikombe. Kikombe hakiwezi kushusha presha hivi. Ni pompe." Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Akapanda kilima kuongea na wakubwa wake. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, anasema kama mtoto aliyekaririshwa. Nyumba imesema: ndani ya mafuta kuna maji, maji yametiwa na mtumiaji, garantii imekufa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Nikamwambia, "Rudia ulichoniambia. Kikombe kinashusha presha?"

Akaangalia viatu vyake. "Mimi nafikisha tu neno la nyumba," akasema.

Patroni akanigeukia. Nilikuwa sijawahi kumwona na uso ule. "Maji iliingia namna gani?"

Hapo ndipo nilipoona. Kwenye shingo ya mahali pa kutilia mafuta, upande wa nje, kulikuwa na mchirizi mwembamba uliokauka, wa manjano. Mtu mwingine angesema ni uchafu. Mimi nilikuwa nimekunywa rangi ile miaka yote ya ndoa yangu. Nikakumbuka kikombe chini ya kitenge. Lahaula!

Mdomo wangu ulifunguka. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno: ni mkwe wangu. Lakini mbele yangu walikuwa wanaume, na wazee wa ukoo wa watu, na mgeni wa mjini, na watu wa kando ya njia waliojaa kusikiliza. Kumtaja mama wa mke wako mbele ya baraza kama hilo, na kwa kosa, ni sawa na kumvua nguo barabarani. Kwetu mtu akifanya hivyo hana tena nyumba ya kurudi. Na hata bila ya desturi, nilimwona yule mama katika mawazo yangu, anaitwa, anaulizwa maswali na mtu mwenye manometri, watu wanacheka kombe. Hapana, ilinishinda.

Nikasema, "Sijui."

Mzee mmoja wa upande wa patroni akacheka puani. "Shofere hajui? Mafuta ya bidoni yenye jina inauzwa kila soko. Wanapunguzaga, wanaongezea maji, kijiti inaonyesha imejaa. Sisi tunawajuaga."

Nilingoja patroni amkatalie. Aliyenikabidhi moyo wake mbele ya watu alinyoosha mkono tu, akasema, "Ufunguo." Nikampa. Nikarudi Kasongo nyuma ya pikipiki ya mtu, habari zimeshanitangulia.

Siku ya pili mama alikuja nyumbani kwangu. Akakaa kwenye mkeka kule mbali, amenigeuzia ubavu kama adabu ilivyo, akamwuliza mke wangu, "Muulize bwana yako, ile kombe niliipaga kamio, ilimusaidia?"

Mke wangu akaacha kupepeta mchele. "Kombe gani, mama?"

Akaeleza, tena kwa furaha. Kaka yake aliandika kombe la kunyunyizia magurudumu. Yeye akafikiri: mgonjwa hanyunyiziwi tu, mgonjwa anakunywa. Na gari hili lina birika lake, na kila asubuhi mimi nalifungua uso nalitazama kinywa, tena aliniona nikilimiminia. Basi akakifungua kile kinywa, akalinywesha na bismillahi. "Na ona sasa!" akasema, akapiga paja. "Watu wanasema kamio ilikataa mbele ya daraja. Ile daraja ya magogo yaliooza! Ilikataa kuua baba ya wajukuu wangu. Kombe njo ilisimamisha ile gari."

Mke wangu akanitazama. Machozi yalikuwa yamemjaa. Mimi nikasema, sauti yangu naisikia kama ya mtu mwingine, "Mwambie mama asante."

Alipoondoka, mke wangu alinirukia. Alitaka kwenda kwa patroni mchana ule ule. "Ni mama yangu, mimi njo nitamusema, hata desturi inaniruhusu!" akalia. "Watoto wanaitwa watoto wa mwizi. Wee utakula heshima?" Nikamkataza. Nikamwambia, ukisema, garantii haitafufuka. Nyumba ile ilikuwa inatafuta kikombe, wangekosa hicho wangepata kingine. Litakalofufuka ni jina langu tu, na mama yako atakufa na hilo moyoni. Atajua kwamba mkono wake uliniua. Mke wangu akasema, "Na wewe utakufa na nini?" Tuligombana vibaya, na sikuwahi kumlaumu kwa hasira yake.

Niliwachukia watu katika siku zile. Nilimchukia teknisieni na viatu vyake. Nilimchukia patroni kwa kunyoosha mkono haraka vile. Niliuchukia mdomo wa soko. Yule mama peke yake nilitaka kumchukia nikashindwa, na kushindwa huko kuliniongezea hasira. Hakuna patroni mwingine aliyenipa usukani. Niliomba, waliniambia wataniita.

Kiangazi hakijaisha, kamio likapita mjini limebeba. Shofere wake mpya alisimama kwenye kibanda cha chai, kijana mwenye adabu, akanisalimia kwa heshima ya kazi. Nikamwuliza birika. "Haiwakagi tena, kaka," akasema. "Patroni alileta fundi kutoka Kindu akabadilisha pompe. Ni pompe tu njo ilikuwa mbaya."

"Na patroni anajua ni pompe?"

"Anajua." Akakoroga chai yake. "Lakini anasema, maji njo maji."

Basi. Alijua, na nyumba yangu ilikuwa njiani kwake, na hakuingia.

Nikanunua baiskeli. Si ya kupanda, ya kusukuma: unafunga mti kwenye usukani, unafunga mabidoni ya mawese ubavuni, unasukuma milima yote ya kuelekea Kabambare na jasho lako. Kazi ya watu wanaoheshimika, sikatai. Ila mimi nilikuwa nikipitwa na kamio nililolilinda, na linanifunika vumbi, na wale wa juu ya mizigo wanapiga kelele: "Shofere! Tia maji!"

Asubuhi ya safari yangu ya kwanza nilikuwa uani nakaza kamba. Mama akaja. Alikuwa amezeeka ghafla. Mtu lazima alikuwa amemwambia kwamba sina kazi, ingawa hakuambiwa kwa nini, maana kwetu hakuna anayemsimulia mama aibu ya mkwe wake. Yeye alidhani nimeacha kamio kwa sababu lilinitisha pale darajani, na alikuwa ameridhika. Nikashuka pembeni, nikainamisha kichwa. Akasimama karibu na baiskeli, kikombe chini ya kitenge, akaizunguka taratibu. Akagusa kiti. Akagusa mnyororo. Akainama akatazama chini, kisha akamwita binti yake aliyekuwa jikoni.

"Muulize bwana yako," akasema, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi kweli, "hii baiskeli, kinywa yake iko wapi?"

Mke wangu alitoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Alikuwa ananitazama mimi, na nilijua kwamba akifungua mdomo wake sasa hivi, yote yatatoka.

Nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika ndoa yangu. Nilimsemesha mkwe wangu mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, baiskeli hainywi. Anayeisukuma njo anakunywa."

Akashtuka, akatazama chini. Kisha akanyoosha kikombe kwa mikono miwili, nami nikakipokea kwa mikono miwili. Kombe lilikuwa la baridi, linanukia marashi, na nilitaka kulitema. Nikalinywa lote mpaka chini, nikakigeuza kikombe aone kwamba hakikubaki kitu.

"Asante, mama," nikasema.

Akafurahi. Akaniambia, mimi mwenyewe, mdomo kwa sikio, "Sasa utafika salama." Nikaegemea baiskeli, nikaanza kusukuma.